Mkono Wenye Shauri Lake

Si wino ulionigomea, wala karatasi.
Kalamu ni ileile, kitako chake kina alama za meno yangu.
Ni mkono tu. Nikigusa mstari wa kwanza
kiwiko kinapaa, kifundo kinajikunja
kama paka aliyemwagiwa maji,
gumba linakandamiza hadi ukucha unapauka,
na neno "mwaka" linazaliwa na kibyongo.

Miaka ishirini na sita masijala ya Kutaisi,
dirisha la pili, linalotazama mto Rioni na matope yake.
Nimeandika vizazi, ndoa, vifo,
kwa herufi zetu thelathini na tatu,
zisizo na kubwa wala ndogo, karibu zote za mviringo,
zinazomtaka mtu azunguke, azunguke,
kama anayesonga ugali wa mahindi usishike chini.
Siku hizo sikuujua mkono.
Mkono mzima hauna habari.

Sasa una habari nyingi.

Nyumbani unabangua jozi, kiini kinatoka kizima.
Unatunga uzi sindanoni kwa mwanga wa jikoni.
Unamsuka mjukuu wangu Tekle wala hamvuti.
Basi dada yangu Makvala akasema: unajifanya.
Mkuu wa ofisi akasema: pumzika wiki.
Nikapumzika. Mkono nao ukapumzika, ukastarehe,
na Jumatatu nilipoupa kalamu,
paka yuleyule.

Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Vyangu vitano vimeungana,
na walichovunja ni mimi.

Daktari Jishkariani, kule Tbilisi, hakuushika mkono.
"Andika: mvua inanyesha," akasema,
akatazama bega langu.
Mvua yangu ilinyesha kwa mshazari, ikatoka nje ya ukurasa.
Akaniambia: kidole hakina kosa.
Kichwani kuna ramani, kila kidole na kiwanja chake;
wewe umeandika na kuandika hadi mipaka imefutika.
Nikaliona darasa langu la kwanza:
mwalimu anaita jina moja,
wanaitika wote, "Nipo!"

Wakanichoma sumu kidogo kwenye msuli,
mashine ikichacharika kama mafuta kikaangoni.
Paka akalala miezi mitatu.
Lakini na gumba likalala naye,
nikawa namwita jirani anifunge vifungo vya koti.

Kabla ya hayo yote, wakati nikificha,
alikuja baba mmoja, mchonga mawe, kuandikisha mwanawe.
Vazha, akasema. Jina la babu.
Herufi yetu ya kwanza ya jina hilo
ikizidishiwa mkunjo mdogo tu juu, inakuwa nyingine;
mkono ukautia huo mkunjo bila kuniuliza.
Mtoto akaondoka akiitwa Kazha.
Alirudi baada ya mwezi, cheti mkononi, nami miguu ikaniisha.
"Mama," akasema, "hili liko karibu na gumegume.
Mimi nala kwa mawe. Liache."

Sikucheka. Nililia chooni, kisha nikaenda kwa daktari.

Siku hizi kompyuta inaandika yote isipokuwa sahihi.
Nimefundishwa upya kama mtoto wa chekechea:
bega kwanza, ubaoni, duara kubwa kama sinia,
halafu sahani, halafu kikombe,
halafu, siku njema, sarafu.
Kiganjani nabana jozi isiyobanguliwa.
Sijui kwa nini inasaidia. Naye daktari hajui vizuri.
Jozi ikianguka, naanza tena.

Jina langu, Lamzira, lina herufi saba.
Mbele yangu ameketi bibi harusi, viatu kavivua chini ya meza,
bwana harusi anaangalia saa, kisha ananiangalia, kisha anaona haya.
Herufi ya kwanza imekaa.
Ya pili, ya tatu.
Ya nne ina tumbo,
na kidole cha shahada kimeanza kupanda.
Ngojeni, nawaambia.
Ngojeni kidogo.
Naiokota jozi.